Nyimbo Nane Ndani ya Fuso

Emérita alipoiona ile picha mara ya kwanza alifikiri ni wanawake watano. Alikuwa kwenye kibanda chake cha kusukia nywele, sokoni Kitshanga, chanuo mdomoni, kichwa cha mteja kati ya magoti yake. Dereva Barthélemy alimnyooshea karatasi ndogo iliyokunjwa mara nyingi hata mikunjo ikawa myeupe, akamwomba amweleze jambo moja tu: nywele kama hizi zinasimama namna gani?

Emérita akaitazama kwa muda mrefu. Nyuso zilikuwa zimepakwa rangi nyeupe, midomo myekundu sana, macho yamezungushiwa weusi mpaka karibu na masikio. Nywele zilipanda juu, nyingine nyekundu, nyingine njano kama ndizi mbivu, zikatawanyika kila upande kama kichwa cha korongo mwenye taji. Alikuwa msusi tangu akiwa na miaka kumi na sita, kwanza kwao Walikale, kisha hapa, na hajawahi kuona mkono wa namna ile.

“Hawa banamuke ni ba wapi?” akauliza.

“Haiko banamuke, dada. Ni banaume. Ba Japon. Njo bale banaimba mu camion yangu.”

Hakuna mtu sokoni ambaye hakuijua sauti ya gari la Barthélemy. Alikuwa Mnande wa Butembo, Mkatoliki mwenye rozari kwenye kioo, aliyebeba maharagwe, viazi na jibini kuteremka Goma na kurudi na sabuni, chumvi na vitenge. Fuso yake, lori la mizigo, ilitoka Japani ikiwa imekwisha kutumika miaka mingi, na ndani ya redio yake kulikuwa na kaseti ambayo mwenye gari wa kwanza aliisahau. Ilikuwa imekwama. Fundi mmoja alisema haitoki bila kuvunja redio nzima. Ilipofika mwisho wa upande mmoja ilijigeuza yenyewe na kuanza upande wa pili. Picha ile ndiyo iliyokuwa karatasi ya kaseti. Barthélemy aliikuta kwenye droo ya gari, chini ya soksi moja.

Kwa miaka mitatu, katika njia zote za Masisi, hakusikiliza kitu kingine isipokuwa nyimbo zile nane. Mwanzoni alizichukia. Magitaa yalilia kama bati linalokatwa kwa msumeno, ngoma zilikimbia, na juu ya yote mtu alipandisha sauti mpaka mahali ambapo sauti ya mwanamume haifiki. Abiria wazee walifanya ishara ya msalaba. Kisha siku moja, akipanda mlima wa Mushaki ndani ya ukungu, Barthélemy alijikuta anausubiri wimbo wa tatu kwa moyo mzito, kama mtu anayemsubiri ndugu yake ashuke garini. Ulipoanza, machozi yalimtoka, na hakujua ni kwa sababu gani. Tangu siku hiyo hakuzima tena redio.

Mwezi wa kumi mwaka 2008 barabara ya Goma ilifungwa. Milio ya bunduki ilisikika upande wa Karuba, na watu waliopanda kwa miguu kutoka chini walisema Mubambiro imejaa askari na hakuna gari linalopita. Barthélemy aliegesha Fuso pembeni ya kibanda cha Emérita akisema atangoja siku mbili. Zikawa wiki tatu.

Emérita aliomba kukaa na ile picha. Jioni alirudi nayo kwenye kambi ya waliokimbia vita, kwenye kibanda cha turubai alichoishi na baba yake, Papa Michel.

Papa Michel alikuwa mwindaji. Huko Walikale watu walikuwa wakisafiri siku nzima kuja kumwomba aingie nao msituni na mbwa wake. Vita vilipofika kijijini kwao, mbwa wote sita waliuawa kwa sababu walibweka, na nyumba ikachomwa. Yeye na binti yake walitembea siku tisa hadi Kitshanga. Alipofika alilala akageukia turubai, na kwa miezi mitano hakusema zaidi ya kuomba maji na kushukuru. Emérita alikuwa amejaribu kila kitu. Alileta katekista, akaleta dawa, akaleta nyama ya porini aliyoipata kwa shida. Siku hiyo alimwonyesha picha kwa sababu hakuwa na kingine cha kumwonyesha.

“Papa, ona kazi ya wenzangu.”

Mzee aligeuza kichwa. Akatazama. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya muda mrefu: akaketi, akaichukua picha kwa mikono yote miwili, na kuipeleka mlangoni penye mwanga.

“Hawa ni batoto ya nani?”

“Sijue, papa. Ni ba Japon. Banaimba mu camion ya Barthélemy.”

“Banatoka mu pori. Ona sura. Ule udongo mweupe…” Akanyamaza. Mambo ya vijana wanaoingia msituni wakiwa watoto na kutoka wakiwa watu wazima, wamepakwa nyeupe, hayasemwi mbele ya binti. Aliisogeza picha karibu zaidi na mwanga. “Njo vile,” akasema taratibu. “Hata kule kwabo. Na nyimbo yabo iko wapi?”

Kesho yake asubuhi Papa Michel alitembea hadi sokoni akijishika kwenye bega la binti yake. Wanawake waliokuwa wanapanga nyanya waliacha kazi kumtazama. Barthélemy alimfungulia mlango wa Fuso, akamsaidia kupanda, akageuza ufunguo.

Wimbo wa kwanza ulipoanza mzee alishtuka, akashika dashibodi kama gari linaondoka. Hakushuka. Alifumba macho. Emérita alisimama nje, mkono juu ya mlango, akimwangalia usoni. Ulipofika wimbo wa tatu, pale ambapo magitaa yanakaa kimya na ngoma inabaki peke yake ikikimbia kwa miguu miwili, Papa Michel alifumbua macho.

“Sikia,” alisema. “Sikia vizuri. Ni mbwa.”

“Mbwa, papa?” Barthélemy akauliza.

“Mbwa na kengele ya mbao mu shingo. Ile ya mbele iliona nyama, inakimbia. Ile ya nyuma haiyaone bado, lakini inasikia mwenzake, inakimbia pia. Muntu anasimama na neti, haoni kitu. Anasikia tu kengele: iko mbali, iko karibu, iko karibu sana.” Ngoma ikasimama ghafla, kama inavyosimama katika wimbo ule, na magitaa yakaangukia ndani yake. “Pale. Nyama imeingia mu neti.”

Alikaa ndani ya gari hadi saa nane mchana. Nyimbo nane zilizunguka mara nne. Katikati ya mzunguko wa tatu alianza kuita mbwa wake kwa majina, mmoja mmoja: Mambo-ya-Batu, Tutaonana, Sitaki-Makelele, Njaa-ya-Jana, mpaka wote sita. Hakulia. Aliwaita kwa sauti ya mtu anayefurahi kwamba wanarudi. Emérita ndiye aliyelia, akageuka ili wateja wasimwone.

Barthélemy baadaye alikiri kwamba alikuwa ameusikia wimbo ule zaidi ya mara elfu, na kila mara alijua kwamba ndani yake kuna kitu kinachokuja mbio, ila hakujua ni nini.

Habari haikai mfukoni. Siku zilizofuata watu walianza kuja. Kijana mmoja mwenye mitambo ya umeme wa jua, aliyewachajia watu simu, alikubali kuilisha betri ya Fuso. Mama Libérata, muuza sabuni, alikuja kulalamika juu ya makelele akabaki hadi jioni, na kesho yake alikuwa akilia kwa mdomo kama gitaa la wimbo wa pili, kila kona na kila mpindo wake, huku anapima sabuni. Walikuja Wahunde, Wanyarwanda wa Masisi, Wanande, Wanyanga, watu ambao mwaka ule hawakuketi kirahisi benchi moja. Waliegemea lori lile lile. Padri alipita, akasikiliza wimbo mzima amesimama, akaomba tu sauti ipunguzwe wakati wa misa.

Emérita naye alikuwa na kazi yake. Alichunguza picha mpaka akaelewa. Nywele zilichanwa kinyume, kutoka juu kurudi kichwani, ili chini pawe na kiota kinachobeba uzito. Aliona kwamba kijana wa pili kutoka kushoto ana shungi moja lililoanguka, akajua kwamba aliyewatengeneza alikuwa na haraka siku ile. Alijaribu kwa maji ya sukari na sabuni kwa binti mmoja aliyekuwa anaolewa, Kétsia. Nywele zilisimama. Kétsia alitembea kambini kote, kati ya vibanda vya turubai, kichwa chake kikiwa taji, na watu walisogea pembeni kumpisha kana kwamba anapita malkia.

Wiki ya nne, asubuhi, walikuja watu wenye bunduki wanaotaka gari la kubebea mizigo yao. Hawakupiga mtu. Walimwambia Barthélemy atoe ufunguo.

“Wakubwa,” Barthélemy akasema, “beba camion. Niachieni tu kaseti.”

Mmoja wao alijaribu kuitoa. Aliingiza kidole, kisha kisu. Kaseti haikutoka. Alicheka, akawasha gari, na redio ikaanza pale ilipoishia jana, katikati ya wimbo wa tatu. Fuso ilipanda kilima. Soko lote lilisimama kimya likiisikiliza inavyokwenda, mpaka kwenye kona ya juu, na hata baada ya kona sauti ilikuja kidogo kwa upepo. Kisha haikuja tena.

Barthélemy aliketi chini pale pale alipokuwa amesimama. Gari lile alilinunua kwa kazi ya miaka kumi na moja. Emérita alimletea kiti, na baadaye chai.

Kesho yake Papa Michel alifika sokoni peke yake, bila kushikwa. Alibeba bidoni mbili za manjano, tupu, za kuchotea maji. Akaziweka mahali pale Fuso iliposimama, penye doa la mafuta, akapiga magoti, akaanza kupiga kwa viganja. Ilikuwa ngoma ya wimbo wa tatu. Mkono mmoja mbwa wa mbele, mkono mwingine mbwa wa nyuma.

Mama Libérata aliacha sabuni zake. Alisimama nyuma ya mzee, na gitaa likamtoka mdomoni.

Ndivyo walivyoanza. Iligundulika kwamba kila mtu amebaki na kipande. Huyu alijua mwanzo wa wimbo wa kwanza, yule alijua pale sauti inapopanda katika wimbo wa sita, na Kétsia, ambaye hakuna aliyejua kwamba anaimba, aliweza kufika kule juu ambako yule Mjapani alifika. Maneno waliyaimba jinsi masikio yalivyoyapokea. Hakuna aliyejua maana yake. Na juu yao alikaa Barthélemy kama mtu anayeshika Injili, kwa maana yeye alikuwa nayo yote kichwani.

“Hapana,” alisema. “Pale muntu anavuta pumzi kwanza. Mara mbili. Njo anaingia.”

Walirudi, wakavuta pumzi mara mbili, wakaingia.

Katika wimbo wa tano palikuwa na mstari mmoja uliowasumbua. Wengine walisema ni “hara-ne-mo-ya”, wengine “ara-ne-bo-ya”. Mabishano yalichukua siku tatu. Barthélemy alifumba macho, akajirudisha kwenye mteremko wa Mushaki ambapo mstari ule ulikuwa umemkuta mara nyingi, akatoa hukumu: hara-ne-mo-ya. Ikawa hivyo.

Kufikia Noeli walikuwa na nyimbo zote nane. Watu ishirini na wawili, bidoni saba, na hakuna gitaa hata moja. Waliziimba kwa mpangilio wake, upande wa kwanza, kisha wakageuka wote pamoja kutazama upande mwingine, kama kaseti inavyojigeuza, wakaimba upande wa pili.

Mwezi wa pili mwaka 2009 shirika moja la misaada lilileta mhandisi wa kutengeneza mabomba ya maji kambini. Alikuwa mwanamke mfupi, kimya, anayesema Kifaransa polepole. Aliitwa Chizuru. Alikuwa amepiga magoti kwenye bomba, spana mkononi, walipoanza wimbo wa kwanza ng’ambo ya uzio.

Emérita ndiye aliyemwona. Mama yule alisimama. Spana ilianguka kwenye tope na hakuiokota. Alipita katikati ya foleni ya bidoni, akapita uzio, akasimama mbele yao mikono imening’inia. Walipomaliza upande wa kwanza na kugeuka, wakamwona, wakanyamaza.

“Munaimba Kijapani,” alisema kwa Kifaransa, na Barthélemy akawatafsiria wengine. “Nani aliwafundisha?”

Emérita alimpa picha. Chizuru aliisoma mbele na nyuma, na herufi ndogo za ndani kabisa ya mkunjo, kidole kikifuata mistari. Kundi liliitwa Tausi wa Usiku. Albamu ilirekodiwa mwaka 1986, katika mji mdogo kando ya ziwa, na nakala zilizotolewa zilikuwa mia tatu.

“Nimezaliwa saa moja kwa gari kutoka mji huo,” alisema. “Sijawahi kusikia jina hili. Hakuna mtu kwetu anayelijua. Hakuna hata mmoja.”

“Na hapa kila muntu analijua,” Mama Libérata akajibu.

Chizuru aliomba waanze tena mwanzo. Aliwarekodi kwa simu yake, wimbo kwa wimbo, akiwa amesimama wima kama mtu aliye kanisani. Katika wimbo wa nne alianza kusogeza midomo, kwa sababu yeye pekee ndiye aliyekuwa akielewa maneno. Emérita aliwaza hapo kwamba miezi yote ile walikuwa wamebeba sanduku lililofungwa, na sasa amekuja mtu anayeona kilichomo. Alitaka kumwuliza. Kisha akamwona machozi yanavyomshuka, akaona kwamba wote wamekuwa wakikijua tangu mwanzo.

Chizuru aliondoka na sauti zao. Kaka yake huko Japani aliuliza kwa wauzaji wa kanda za zamani mpaka akapata mtu aliyemjua mmoja wa kundi lile. Mwezi wa nane Chizuru alirudi Kitshanga kukagua mabomba, na mkononi alikuwa na barua. Alikaa kwenye kiti cha wateja cha Emérita, watu wakaketi chini kumzunguka, akasoma, na Barthélemy akatafsiri.

Aliyeandika alikuwa yule mwimbaji. Sasa alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na tano, mtengenezaji wa paa za nyumba. Alisema kwamba siku walipozindua albamu yao walikuja watu kumi na wanane, na wanne walikuwa wazazi wao. Kaseti nyingi ziliharibika kwa maji ghalani. Yeye mwenyewe hakuwa nayo hata moja, na kwa miaka ishirini hakuwahi kumwambia mke wake kwamba aliwahi kuimba. Simu ilimkuta juu ya paa. Alisikiliza nyimbo zote nane bila kushuka, mpaka mwenye nyumba akatoka kuuliza kama ameumia.

“Katika wimbo wa tano,” aliandika, “pale mnaposema hara-ne-mo-ya, hayo si maneno. Nilisahau maneno siku ile, nikapiga kelele tu, na hatukuwa na pesa za kurudia. Nilifikiri duniani ni mimi peke yangu ninayejua. Mmelitunza hata kosa langu.”

Watu walimtazama Barthélemy. Alishindwa kutafsiri sentensi iliyofuata. Ilibidi Chizuru aisome tena.

Sentensi hiyo ilimhusu Papa Michel. Mwimbaji aliuliza ni nani anayepiga ngoma ya wimbo wa tatu. Alisema mpiga ngoma wao alitoka kijiji cha milimani, ambako babu yake alikuwa mwindaji, na kwamba alikataa kabisa kumwambia mtu yeyote mdundo ule aliutoa wapi. Alikufa mwaka 1991 kwa ajali, akiwa na miaka ishirini na saba. “Nilipomsikia huyo mtu wenu,” aliandika, “nilifikiri amerudi.”

Papa Michel akauliza jina la marehemu. Chizuru alilisema: Tetsurō. Mzee alilirudia mara kadhaa, taratibu, mpaka likamkaa mdomoni.

“Hatukupewa habari ya kifo,” alisema. “Tulipiga ngoma yake, tukacheka, na hatukumulilia. Haiko vizuri.”

“Ni miaka kumi na minane, papa,” Emérita akasema.

“Kwetu imefika leo.”

Siku tatu hakuna aliyegusa bidoni isipokuwa kwa kuchota maji. Mama Libérata alipima sabuni kimya. Majirani walipouliza nani amefiwa, walijibiwa: sisi. Walileta maharagwe na ndizi, wakaketi kidogo kwenye mkeka, wakauliza marehemu alikuwa mtu wa wapi, wakaambiwa, wakatikisa kichwa na kukaa zaidi. Chizuru alikuwa na safari ya Goma. Aliiahirisha.

Siku ya nne asubuhi, siku ya kunyoa matanga, Papa Michel alikuja kibandani kwa binti yake, akaketi kwenye kigoda, akainamisha kichwa. Emérita alichovya wembe kwenye maji ya moto. Alimnyoa polepole, kutoka paji la uso kwenda nyuma, nywele nyeupe zikianguka juu ya kitenge. Alipomaliza alimpangusa, na mzee akainuka. Barthélemy alikuwa amesimama nyuma yake, kofia mkononi, akingoja zamu.